Jezi za Mkono Mweupe

Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili, cherehani moja, redio moja na timu mbili. Vyumba vilitosha, cherehani ilitosha, redio ndiyo iliyokuwa ikigombewa. Na timu zenyewe, Radi na Mwamba, ndizo zilizomfundisha fundi cherehani wa nyumba hiyo kula akiwa amenyamaza, maana kila neno mezani lilihesabiwa kuwa la upande fulani. Akisema chumvi imezidi, mumewe hujibu, "Imezidi kama majigambo ya Mwamba." Akisema chai imepoa, mama mkwe hudakia, "Kama miguu ya washambuliaji wa Radi."

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba na mwenyekiti wa tawi la Radi hapo mtaani. Mama mkwe alikuwa amefanya kazi ya kukata tiketi langoni mwa uwanja kwa miaka ishirini na miwili. Mwamba aliipenda tangu siku nahodha wao aliposimama kumwamkia na kumuuliza hali, ilhali wachezaji wa Radi walimpita kama wanapita nguzo ya taa. "Mtoto nimemzaa," alizoea kusema, "lakini timu kajitafutia mwenyewe, na hakutafuta vizuri."

Wiki hiyo mambo yalizidi. Jumamosi Radi na Mwamba walikuwa wanakutana katika mechi ya mwisho ya ligi, na walikuwa wamelingana kama sahani na kawa. Pointi hamsini na nane kwa hamsini na nane. Mabao ya kufunga sawa, ya kufungwa sawa, na mechi yao ya kwanza ilikwisha sare.

"Hata kadi za njano," alisema Profesa Jumatano ile, akiwa amekaa kwenye benchi la wateja ndani ya chumba cha kushonea. "Nimezihesabu. Thelathini na moja kwa thelathini na moja. Mtu akikwambia anajua nani atashinda, mpeleke hospitali."

"Sasa wewe unasema nani atashinda?" aliuliza mume wa fundi.

"Mwamba."

"Basi twende hospitali, nitakulipia nauli."

Profesa alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, na miwani yake ilishikiliwa sikioni kwa uzi wa kushonea soli. Yeye ndiye mwenyekiti wa tawi la Mwamba. Siku hizi viatu vya watu vilikuwa vikingoja, maana yeye na mume wa fundi walikuwa wanakuja kukaa kwenye benchi lile kulinda kitambaa, kila mmoja akihofia jezi za mwenzake zisimalizike kwanza. Tawi la Radi lilikuwa limeleta kitambaa cha rangi ya chungwa, jezi ishirini. Tawi la Mwamba lilikuwa limeleta cha buluu, jezi ishirini. Hakuna aliyekubali kuleta kumi na tisa.

Kwa fundi, hizo jezi arobaini zilikuwa kazi kubwa ya kwanza tangu alipoondoka kwa Madamu, mwenye karakana ya mafundi sita, miezi mitatu iliyopita. Mpaka hapo alikuwa ameshona mapazia mawili, sare moja ya shule, na kubadilisha zipu nyingi mno. Zipu hazimlishi mtu. Na hakuna anayekumbuka nani alimbadilishia zipu.

*

Fundi alikuwa na namna yake ya kukata. Mkono wa nguo si foronya ya mto. Una mbele na nyuma, na wa kulia hauendi kushoto hata ukiubembeleza. Kwa hiyo alilaza kitambaa cha chungwa na cha buluu uso kwa uso, juu yake akaweka patani, ile karatasi ngumu yenye umbo la mkono. Mkasi ukipita, anapata mikono ya kushoto ya chungwa na ya kulia ya buluu. Kisha anaigeuza patani, anakata fungu la pili, anapata ya kulia ya chungwa na ya kushoto ya buluu. Safari mbili, kazi imekwisha.

Na kwa kuwa hakuiamini kumbukumbu yake katika nyumba yenye kelele vile, alikuwa na msumari. Akimaliza fungu la kwanza, palepale anaigeuza patani na kuitundika kwenye msumari ukutani. Hata akiitwa, hata akienda kuchota maji, akirudi anaitwaa kama ilivyoning'inia, anailaza, anakata. Msumari ndio uliokumbuka kwa niaba yake. Miaka minne kwa Madamu, msumari haukumwangusha hata siku moja.

Jumatano ile alikuwa ametoka kuitundika patani, aliposikia hodi ya mtu asiyezoea kupiga hodi.

Alikuwa Madamu mwenyewe. Hakuingia. Alisimama nje mlangoni, viatu vyake vikiwa vya kuangaliwa zaidi kuliko vya kukanyagia.

"Nasikia umepata kazi ya kuwashonea wapiga kelele."

"Ndiyo, Madamu. Karibu ndani."

"Nikakae wapi, kwenye goli?" Madamu alichungulia benchi lilivyojaa. "Nakuja kwa wema tu. Ile cherehani yako ya pembeni bado haijakaliwa na mtu. Kuna msichana anaitaka, nimemwambia asubiri mpaka Jumamosi. Kuanza peke yako ni kugumu, nani asiyejua? Kurudi si aibu, mwanangu."

"Nashukuru, Madamu."

"Aibu ni kuchelewa kurudi."

Fundi aliinamisha macho akaviangalia vile viatu. Nyuma yake, ndani, benchi lilikuwa limewaka moto.

"Mama, maneno hayatoshi, ngoja nikuchoree!" Hiyo ilikuwa sauti ya mumewe. "Lete hiyo karatasi ukutani. Na chaki. Haya. Winga wetu huyu hapa. Anapita pembeni hivi, beki wenu anageuka kumtafuta, anaambulia kusoma namba mgongoni."

"Nipe chaki," alisema mama mkwe. "Na juu ya uchafu wako sichori. Nageuza. Tazama. Kiungo wetu anasimama hapa. Winga wako akifika hapa inabidi aombe njia kama mgeni."

"Geuza! Geuza uone anapopitia!"

"Sina haja ya kuona upuuzi. Geuza upande wangu, uone anapozikwa."

"Rudisheni karatasi ya watu msumarini," Profesa alisema, "fundi anarudi."

Fundi alimsindikiza Madamu hatua tatu, akarudi ndani. Patani ilikuwa kwenye msumari wake, imejaa mistari na duara za chaki. Aliguna tu. Si mara ya kwanza kugeuziwa vifaa vyake kuwa ubao wa shule. Aliitwaa kama ilivyoning'inia, akailaza, akakata fungu la pili, huku kichwani neno la Madamu likizunguka kama inzi chumbani: aibu ni kuchelewa kurudi.

"Na wewe fundi," mumewe akamuuliza, "unasema nani atashinda?"

"Atakayelipa kwanza," alijibu, na benchi zima likacheka.

*

Alhamisi asubuhi viwiliwili vya jezi vilikuwa tayari, kola zimekaa, namba zimeshonwa. Fundi akaanza kupachika mikono. Jezi ya kwanza ilikuwa ya chungwa. Mkono wa kushoto ukaingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu ulichokizoea. Akachukua wa kulia. Haukukaa. Akachukua mwingine. Akachukua wa tatu, wa nne, akalivuta fungu zima mapajani na kuanza kulipekua kama mtu aliyeangusha sindano kwenye nyasi.

Mikono arobaini ya chungwa, yote ya kushoto. Akaligeukia fungu la buluu, ijapokuwa jibu alishalijua. Mikono arobaini, yote ya kulia.

Kitambaa kilichobaki kilitosha kufutia miwani ya Profesa.

Alikaa. Kitu cha ajabu ni kwamba kwanza alitaka kucheka, maana alipata picha ya mashabiki arobaini wenye mikono ya upande mmoja, wakipiga makofi kwa kukodi mkono wa jirani. Kisha kicheko kikamkauka. Aliiona ile cherehani ya pembeni, iliyoelekea ukutani, na mafundi sita wakigeuka pamoja kumtazama akiingia.

Wenyeviti wawili waliingia wakifuatana, kila mmoja akijifanya amekuja kunywa maji. Fundi hakuwazungusha. Aliwaeleza kama ilivyo: mikono yote imekatwa upande mmoja, na kitambaa kimekwisha.

Profesa alivua miwani, akaivaa tena. Mume wa fundi ndiye aliyesema.

"Mke wangu! Kitu umekifanya miaka minne! Macho yako uliyaweka wapi?"

Alisema kwa sauti, mbele ya Profesa, kama mtu anayemwonyesha jirani kwamba kosa limo nyumbani mwake lakini yeye hamo. Fundi alihisi masikio yakimchoma. Macho yake yakaenda kwenye msumari. Aliinuka, akaitwaa patani. Upande wa juu, kikosi cha Mwamba kwa chaki. Akaigeuza. Upande wa nyuma, kikosi cha Radi, na mshale wa winga ukipita pembeni. Geuza. Geuza uone. Geuza upande wangu.

Alielewa yote mara moja. Akafungua mdomo, akaufunga, akairudisha karatasi msumarini. Kuna maneno ukiyasema mapema hayaleti kitu ila kelele, na kelele nyumba ile ilikuwa nazo za kuuza.

"Kuna njia," alisema. Kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo: uso una rangi na unateleza, mgongo ni mweupe pe, kama ukuta uliokwisha kupakwa chokaa. Aliuchukua mkono wa chungwa wa kushoto, akaupindua mgongo ukaja nje, akauweka begani upande wa kulia. Ukakaa. "Kila jezi itakuwa na mkono mmoja wa rangi na mmoja mweupe. Ya Radi mweupe kulia, ya Mwamba mweupe kushoto. Nashona leo na kesho, Jumamosi mnavaa."

"Mkono mweupe?" Profesa aliruka. "Tukiinua mikono kushangilia, uwanja mzima utaona vitambaa vyeupe vinapepea. Watasema Mwamba wamesalimu amri kabla ya filimbi!"

"Radi ndiyo kabisa haiwezekani," alisema mumewe. "Radi haisalimu amri."

Ilikuwa mara ya kwanza wenyeviti wale kukubaliana tangu kuumbwa kwa benchi. Profesa alikunjua mabega.

"Mwisho kesho jioni, fundi. Kama hakuna jingine, tunachukua vilivyo vyetu, tunampelekea yule Madamu. Ana mafundi sita. Hawatakosa la kufanya."

Fundi alimtazama mumewe, akingoja. Mpaka rangi alikuwa anakwangua rangi kavu kwenye ukucha wa kidole gumba, kwa makini sana, kama vile ukucha ule ndio ulioagiza jezi.

*

Mama mkwe alimkuta uani akichambua mchele. Aliuchambua mchele uleule mara ya pili.

"Hayo mawe unayatoa au unayatia?" aliuliza, akavuta kigoda. "Nimesikia. Mwanangu ana sauti ya kuuza samaki, hakuna siri humu. Umeamua nini?"

"Mama, naomba nikuulize kwanza. Mwamba waliponunua tarumbeta, Radi walisema nini?"

"Walisema tarumbeta ni ya harusini."

"Na kesho yake?"

"Wakanunua mbili." Mama mkwe alianza kutabasamu bila kujua kwa nini.

"Mume wangu alipopaka rangi mlingoti wa bendera ya tawi lake, Profesa alisema huo ni utoto. Jioni alikuja hapa kwa mlango wa nyuma kuuliza bei ya kopo la buluu. Miezi mitatu nimekaa na benchi lile, mama. Hakuna kitu wanachokitaka mpaka wakione kwa mwenzao. Leo walikikataa kitu kwa sababu walikiona pamoja, mezani, kikiwa bado kosa. Hawajakiona kikitembea."

"Kumbe wewe ukinyamaza unarekodi!"

"Nataka kukushonea jezi ya kwanza. Ya buluu, mkono wa kushoto mweupe. Kesho asubuhi uivae uende nayo sokoni."

Mama mkwe alinyooka kwenye kigoda. "Mimi? Nitembee mbele ya watu wa Radi na mkono wa kusalimu amri?"

"Utembee kama mtu aliyechaguliwa."

Bibi yule aliusogeza pembeni ungo wa mchele. Miaka ishirini na miwili langoni alikuwa amewaona watu wakiingia uwanjani na jezi za bei mbaya wakiwa wamejikunyata, na wengine wakiingia na matambara mabegani kama wafalme. Alijua tofauti haikuwa kwenye nguo.

"Kutembea," alisema, "ndiko ninakojua. Wakiniuliza?"

"Usidanganye, mama."

"Nidanganye kwa nini? Nitawaambia kombe halipokewi kwa mkono mchafu. Huo si uongo. Muulize yeyote."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi mama mkwe alitoka. Alipita upande wa jua. Alinunua nyanya nne kwa mtu wa kwanza, na kitunguu kimoja kwa mtu wa mwisho kabisa wa soko, ili katikati pasibaki asiyemwona. Mfuko aliubeba kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauacha huru, kila mara akiuinua kuondoa jasho ambalo halikuwepo.

"Bibi, huo mkono mweupe ni wa nini?"

"Kombe halipokewi kwa mkono mchafu, mjukuu wangu," alijibu, akapita.

Kabla ya saa tano, Kipaza alikuwa mlangoni kwa fundi. Kipaza aliuza mkaa, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Alikuwa na wanachama wengine wanne wa Radi nyuma yake, na benchini alikuwapo mwenyekiti wao, mume wa fundi, akinywa chai.

"Mwenyekiti, umelala?" Kipaza alinguruma. "Mwamba wana jezi yenye mkono mweupe! Mkono maalumu wa kupokelea kombe! Bibi yako, samahani, mama yako, ameipitisha soko zima. Sisi tuna nini? Mikono miwili ya rangi moja kama pajama!"

Mpaka rangi alipaliwa na chai. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jambo linalotaka utulivu mkubwa.

"Huo mkono..." alianza. "Jana niliuona. Haukunipendeza."

"Uliuona ukaukataa? Ukawaachia Mwamba?"

"Kipaza, ndugu yangu, wewe unauza mkaa. Mkono mweupe utaufanyia nini?"

"Utakuwa mweusi kesho kutwa! Jumamosi utakuwa mweupe, na hiyo ndiyo siku tunayoitaka!" Wale wanne wakapiga makofi. "Fundi, shemeji yangu, tusaidie. Muda upo? Unaweza kutubadilishia?"

Fundi aliuvuta uzi ukapita tunduni. "Ni kazi," alisema taratibu. "Lakini kama mwenyekiti ataniambia."

Chumba kizima kikamgeukia mwenyekiti. Alimeza chai, akameza na kitu kingine kigumu zaidi.

"Mke wangu," alisema, "tunaomba mkono mweupe."

"Upande gani?"

"Upande... upande wowote utakaokaa."

"Wa kulia utakaa vizuri," alisema fundi.

Haikupita nusu saa Profesa akavuka barabara mbio, kiatu cha mteja kikiwa bado mkononi. Habari zilikuwa zimemfikia zikiwa zimegeuzwa: eti Radi wameshona mikono myeupe ishirini. Alisimama mlangoni akihema. Wazo hilo, alisema, ni la Mwamba. Lilionekana kwanza kwenye bega la Mwamba, soko zima ni shahidi, na kama kuna haki duniani basi za Mwamba zimalizwe kwanza.

"Na kule kusalimu amri, Profesa?" aliuliza mama mkwe, akimenya kitunguu chake kimoja.

"Mama, mambo ya mpira yanabadilika. Jana ni jana."

Wakaanza kugombania lile kosa. Mpaka rangi alisema lilianza kuonyeshwa kwenye kitambaa cha chungwa, yeye alikuwepo. Profesa alisema kuonyeshwa si kuvaliwa. Fundi aliwaacha, akakanyaga cherehani, na mlio wake ukawafunika wote.

*

Jumamosi asubuhi jezi arobaini zilitoka mlangoni zikiwa zimekunjwa, ishirini kwa ishirini, zote saa ileile na dakika ileile ili pasiwe na wa kwanza. Mtaa ulikuwa chungwa na buluu, na kila palipoinuliwa mkono palikuwa na weupe.

Madamu alikuja saa nne. Alimsimamisha Kipaza njiani, akamshika mkono ule mweupe, akapindua pindo. Ndani palikuwa na rangi ya chungwa, imelala kifudifudi. Madamu aliangalia bega, akaangalia upande mshono ulikoelekea, akamwachia Kipaza aende zake akipiga mayowe. Kisha akaja mlangoni, na safari hii akaingia.

"Umekata yote upande mmoja," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Madamu."

"Wao wanajua?"

"Wenyeviti wanajua. Wengine wanajua kombe halipokewi kwa mkono mchafu."

Mdomo wa Madamu ulicheza kidogo pembeni. Alikaa kwenye benchi, kwenye sehemu ya Profesa iliyokuwa na alama ya gundi, bila kuipangusa. "Nilikuja kukwambia ile cherehani nimempa yule msichana. Naona hapa hapahamishiki."

"Umefanya vizuri, Madamu. Mwambie ule mkanda wake unateleza, aupake nta."

"Nitamwambia." Madamu aliinuka, akasita. "Nina mjukuu. Tangu jana analia anataka yenye mkono mweupe. Mafundi wangu wamemshonea, anasema si yenyewe. Utamshonea?"

"Aje tumpime."

Alipokwisha kuondoka, mume na mama mkwe walikuwa wamesimama mlangoni tayari kwa uwanja, mmoja chungwa, mmoja buluu, wakibishana nani ashike maji. Fundi aliitwaa patani msumarini, akawaonyesha.

"Kabla hamjaenda. Nani alichora hapa?"

"Mimi," alisema mama mkwe kwa fahari. "Huyo ni kiungo wetu."

"Na huku nyuma?"

"Mimi," alisema mumewe. "Winga." Halafu akaitazama karatasi tena. Alikuwa mpaka rangi, si fundi nguo, lakini alikuwa ameishi na msumari ule miezi mitatu. Alimwona mkewe akiigeuza ile karatasi mara moja, polepole, kama anavyofanya kila siku kabla ya kuitundika. Aliona. Chupa ya maji ikashuka mkononi mwake.

"Mama, uliigeuza wewe!"

"Niliigeuza, ukaigeuza ukairudisha!"

"Halafu?"

"Halafu... nikaigeuza tena." Mama mkwe alihesabu vidoleni. "Mara tatu."

"Mara tatu," alisema fundi. "Laiti mngebishana mara moja zaidi, jezi zenu zingekuwa salama."

Mama mkwe alijifunika mdomo na mkono ule mweupe, akacheka mpaka akashika mlango. Mume wa fundi hakucheka. Alisimama akiiangalia karatasi.

"Juzi nilikuuliza macho uliyaweka wapi," alisema. "Mbele ya Profesa."

"Uliniuliza."

"Ukajua, ukanyamaza."

Fundi aliipangusa chaki kwa kiganja. Mumewe alivuta pumzi, akatoka hadi katikati ya barabara, na kwa ile sauti yake ya kuuza samaki akaita, "Profesa! Wewe Profesa! Kosa lilikuwa langu! Nimekosea mimi!"

Profesa alichomoza kichwa kibandani, miwani imempanda kwenye paji.

"Mechi bado haijaanza, umeshakiri?"

"Si mechi! Mikono! Jezi! Mke wangu hakukosea, nilikosea mimi!"

"Na mama yako!" mama mkwe alipaza sauti kutoka mlangoni. "Andika sare!"

Mtaa ulisikia. Hata waliokuwa hawajui kulikuwa na kosa, sasa walijua, na hakuna aliyevua jezi yake.

Wakaondoka. Mama mkwe, ambaye magoti hayakuwa ya jana, alimshika mwanawe mkono, yeye kulia, mwana kushoto, na mikono miwili myeupe ikakutana katikati. Kwa mbali usingeweza kujua bega lipi ni la Radi na lipi ni la Mwamba. Sauti tu ndizo zilizojulikana, maana kabla hawajafika kona walishaanza tena kubishana kuhusu winga.

Nyumba ikawa kimya. Fundi alitafuta nyundo, akaung'oa msumari, akaupigilia juu zaidi, mahali ambapo mama mkwe hafiki na mumewe itambidi aombe kiti. Mjukuu wa Madamu akaletwa, akapimwa, akaondoka. Alitaka ya buluu. Fundi akalaza kipande alicholetewa.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akawasha redio mwenyewe. Mtangazaji alikuwa anasema kwamba timu ziko uwanjani, kwamba zimelingana, kwamba hata yeye hathubutu kusema. Alikata mkono wa kwanza. Filimbi ikalia, umati ukanguruma.

Fundi aliitazama patani mkononi mwake. Akakipindua kitambaa, mgongo mweupe ukaja juu, akaigeuza na patani, akakata.